Tundu la Ubavuni

Nilichokiona mimi kwanza ni tundu.

Wenzangu walikuwa wanaangalia mambo makubwa. Daktari wa meno alikuwa ameweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, anahesabu misumari ya bawa, mmoja mmoja. Kinyozi alikuwa anasifu rangi. Mwalimu mstaafu wa jiografia alikuwa amevua miwani na kuivaa tena mara tatu, kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga akaulizwa amefanana na nani. Picha ilikuwa imetoka asubuhi ile ile: ndege ndogo nyeupe, injini moja, viti vinne, mabawa juu. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sinia la vikombe. Macho yangu yakaenda moja kwa moja ubavuni, upande wa kushoto, mbele kidogo ya mlango wa rubani. Palikuwa na kibati cha duara, ukubwa wa kifungo cha shati, na katikati ya kibati palikuwa na tundu dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Hata tundu wameliweka, nikasema moyoni. Vikombe vikagongana.

"Bi Kimya, taratibu," Kinyozi akasema bila kugeuka. "Chai ikimwagikia mashine hii, hatutaruka mpaka siku ya kiama."

Bi Kimya ndiye mimi. Jina walinipa wao, kwa sababu mwaka mzima hawakuwahi kunisikia nikisema zaidi ya karibuni na samahani. Mjomba aliniambia nisikasirike, kwamba asiyetaniwa hajapendwa.

Mjomba ndiye mwenye mahali. Chumba cha mbele anatengeneza kompyuta. Chumba cha nyuma ni cha hawa wapenzi wa ndege. Kuna viti viwili vilivyong'olewa kwenye gari kuukuu, usukani wa ndege uliofungwa juu ya meza, pedali ambazo seremala alizichonga kwa mbao ngumu, na vioo vitatu vilivyopangwa nusu duara mpaka ukikaa unajiona uko angani. Programu yenyewe ya kurushia ndege ina dunia nzima ndani yake, milima, viwanja, mvua na upepo. Ndege ndizo zinazoongezwa moja moja. Kuna watu mahali fulani wanakaa mwaka au miaka miwili wanaijenga ndege moja tu ya kwenye kompyuta, kila swichi, kila taa, halafu wanaitoa. Hii nyeupe ilikuwa imengojewa mwaka mmoja na miezi minne. Tarehe yake ilikuwa imesogezwa mara mbili.

"Sauti ya mlango wameirekodi kwenye ndege ya kweli," Daktari akasoma. "Wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na sauti yake."

"Sauti ya mlango ya nini wewe?" Kinyozi akasema. "Hata mlango hujafungua, umeshaanguka."

"Nilianguka mara moja tu."

"Juu ya paa la hospitali."

"Nilikuwa namuwahi mgonjwa."

"Acheni porojo, someni tarehe!" Mwalimu akapaza sauti.

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi."

"Mwezi wa mwaka gani?" Kinyozi akauliza, na wote wakacheka, kwa sababu maumivu ya kusogezewa tarehe walikuwa wanayajua.

Mjomba hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, anaiangalia picha ile kama unavyomwangalia mtu mliyeachana vibaya ukamkuta sokoni. Ndege ile anaijua. Aliirusha ya kweli, ya aina ile ile, miaka saba, halafu siku moja akaanguka nayo.

*

Niseme ilivyokuwa.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba akanichukua. Alikuwa rubani kwenye uwanja mdogo, anapeleka watu na vifurushi. Alisema nitarudi shule muhula ukianza. Muhula ukaanza na mwingine ukaanza, na mimi nikawa nimezoea bandani kwa ndege, nafagia, nasuuza ndoo, mpaka msimamizi wa banda akanipa kazi ya kuosha ndege. Niliipenda kazi ile. Ndege haikuulizi kitu.

Kuosha ndege kuna utaratibu wake. Kabla ya maji kugusa bati, lile tundu la ubavuni linazibwa kwa utepe wa gundi, maji yasiingie. Ukimaliza kuosha unaubandua. Utepe wenyewe ni lazima uwe mwekundu, na uwe na mkia mrefu unaoning'inia, ili hata kipofu auone. Siku ile utepe mwekundu ulikuwa umeisha. Nikamwambia msimamizi. Alikuwa kwenye simu, akanisukumia roli la utepe mweupe kwa mguu. Nikabandika mweupe. Ndege yenyewe nyeupe.

Abiria alifika nikiwa nafuta mkia wa ndege. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa haraka, na mvua ilikuwa imeanza kunyunya. Mjomba akaja, akaizunguka ndege kama kawaida yake. Siku zote alikuwa akipitisha kidole kwenye tundu. Siku ile aliangalia kwa macho tu, kwa sababu mpima alikuwa amemshikia mwavuli na anamhimiza. "Umeing'arisha, mama," akaniambia. Nikafurahi. Nikachukua ndoo zangu, nikaenda. Wakapanda.

Waliporudi, saa nzima baadaye, mvua ilikuwa imeshika na mawingu yako chini. Ndege ilikuja polepole mno. Mimi si rubani, lakini mtu aliyeangalia ndege zikitua kila siku anajua. Ndege ikiwa polepole mno hewa haiibebi tena, inadondoka kama sahani iliyoponyoka mkononi. Ilidondoka kabla ya kuufikia uwanja, ikaangukia pua kwenye mtaro.

Mjomba aliteguka bega. Mpima alivunjika mguu mahali pawili, na haujaunga sawasawa mpaka leo.

Mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Mjomba anapenda kulisimulia hilo. "Mpwa wangu huyu," huwaambia watu, "mnamwona kimya hivi, alikimbia kwenye matope akawaacha wanaume nyuma." Na kila akilisema naingia jikoni.

Kwa sababu nilipofika niliuona utepe. Uko pale pale ubavuni, umeinuka kona moja tu, kidogo, kama kope. Mkono wangu ukafanya kazi kabla ya akili. Nikaubandua, nikautia mfukoni.

Wachunguzi wakaja na kamera. Mjomba akawaambia vipimo vilimdanganya, kwamba alipokuwa anashuka vilimwonyesha yuko juu na ana kasi, naye akapunguza kasi. Wakavitoa vipimo wakavipima, vizima. Wakalipiga picha tundu, liko wazi. Wakaandika kosa la rubani. Leseni ikaenda. Msimamizi hakuulizwa juu ya utepe, na mimi sikuulizwa kitu. Nani amuulize muosha ndege?

Utepe ule ninao. Uko ndani ya daftari langu la hesabu la darasa la tano, umebanwa kati ya kurasa.

*

Wiki moja baada ya picha kutoka, mpima alikuja. Huwa anakuja mara moja kila mwaka, na gongo lake, na karatasi ile ile ya kutiwa saini kwenye bahasha ya plastiki. Safari hii aliwakuta wapenzi wa ndege wote wapo.

"Ndugu rubani," akasema.

"Mimi si rubani tena, unajua," Mjomba akamjibu.

"Kwangu utabaki rubani mpaka uniambie ukweli."

Nikampa kiti. Alikaa kwa shida, mguu ukiwa umenyooka mbele yake kama mali ya mtu mwingine.

"Sitaki kitu chako," akaendelea. "Nataka neno. Kila nikipanda ngazi najiuliza, mguu huu nimevunjiwa na nani. Niambie nimevunjiwa na wewe, utie saini, nikusamehe, nilale."

"Nikikudanganya utalala?"

"Nitajaribu."

Hata Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa. Mjomba akaigeuza bisibisi mkononi mara mbili tatu.

"Jumamosi ya mwisho," akasema, "inakuja ndege kwenye kompyuta hii. Ni ile ile. Waliitengeneza kwa kuipima ya kweli, uzito, mabawa, kila kitu. Nitaweka mvua ile na upepo ule, uzito wangu na wako. Nitairusha kama nilivyoirusha. Ikianguka, ujue sikusema uongo. Ikitua salama, basi kosa lilikuwa langu. Natia saini, na leseni sitaiulizia tena maisha yangu."

"Mchezo wa watoto ndio utakaoamua mguu wangu?"

"Samahani, mzee," Daktari akaingilia, amekasirika kwelikweli. "Huu si mchezo."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni daktari."

Mpima akamtazama kwa heshima.

"Wa meno," Kinyozi akaongeza.

Mpima akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Akakubali. Nilipompelekea chai alinishika kiganja akasema, "Wewe ndiye yule binti uliyefika wa kwanza, siyo? Mungu akuweke." Nikasema samahani. Hakuelewa kwa nini, akadhani namwomba radhi kwa chai.

*

Siku zile za kungoja, wao walikuwa kama watoto kabla ya sikukuu. Daktari alikuwa anakuja mchana na koti lake jeupe, anafungua ukurasa wa ndege, anaukuta hauna jipya, anarudi kung'oa jino. Kinyozi aliwahi kumwacha mteja na nusu ya ndevu. "Nimemwambia nafuata wembe," akatuambia. Mwalimu alikata boksi akaandika idadi ya siku zilizobaki, kila asubuhi anafuta na kupunguza moja. Wakigombana walikuwa wanagombana juu ya vitu ambavyo mtu wa njiani angewaona wamerukwa na akili: kama kishikio cha dirisha kinageuka au kinavutwa, kama kiti cha nyuma kina mfuko.

Nadhani katika watu wote waliokuwa wanaingoja ndege ile, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naomba isije. Imesogezwa mara mbili, nikasema, itashindwaje ya tatu?

Jumatano wenye ndege wakatoa orodha ya vitu vinavyoweza kuharibika ndani yake. Daktari akasoma kwa sauti, moja moja, kama orodha ya harusi. Injini kupata moto. Gurudumu kupasuka. Maji kwenye mafuta. "Sikilizeni hii! Tundu la hewa la ubavuni likiziba, vipimo vinadanganya. Hakuna ndege ndogo ya kwenye kompyuta iliyowahi kuwa na hiyo!"

"Tundu gani tena?" Kinyozi akauliza.

Mjomba alikuwa anakaza skrubu kwenye meza ya mbele. Akajibu kutoka huko huko. "Ndege inajua iko juu kiasi gani kwa kunusa hewa. Pua yake ndiyo lile tundu. Juu hewa nyepesi, chini nzito. Ukiiziba pua, inabaki na harufu ya zamani. Unashuka, yenyewe inadhani bado iko juu. Na kipimo cha mwendo nacho kinanusa hapo hapo, kinakwambia una kasi, kumbe huna."

"Si ndiyo ilivyokuwa siku yako?" Mwalimu akasema.

"Ndiyo. Nilifikiri hilo kabla ya mambo yote." Sauti ya Mjomba ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Lakini lilikuwa wazi. Picha ipo, ukurasa wa kumi na moja wa ripoti. Nimeiangalia mpaka nimeichosha. Tundu liko wazi. Ndiyo maana siku nyingine mimi mwenyewe najiuliza kama viliniambia kweli, au ni mimi niliyetaka viniambie."

Nilikuwa naosha vikombe. Nilikiosha kimoja mara nne.

Jioni ile tulipokuwa wawili nilijaribu. Alikuwa anafuta meza na mimi nahesabu vikombe.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Sukari imeisha."

"Tutanunua," akasema. Akanitazama kidogo zaidi ya sukari inavyostahili, kisha akaendelea kufuta. Sukari ilikuwa imejaa mkebe. Asubuhi aliiona, akaufunga mkebe.

Mtu anaweza kuniuliza, uliogopa nini? Hakuwa mkali. Hajawahi kuniinulia mkono. Lakini dunia nzima mimi nina mtu mmoja anayeniita mama, na ninajua kilichomtoa angani. Nilihesabu kwa hesabu zangu za darasa la tano, na kila nikihesabu nabaki sina mtu.

*

Ndege haikusogezwa. Ilitoka Jumamosi saa nne asubuhi, na kufika saa saba ilikuwa imeshuka yote kwenye kompyuta. Walikuwa wameuzunguka mstari unaoonyesha ndege imeshuka kiasi gani, kama watu waliozunguka chungu. Ilipofunguka Daktari alikuwa na machozi, naapa. Kinyozi alifungua mlango wa kushoto, akaufunga, akaufungua wa kulia, akaufunga.

"Kweli, kila mmoja na sauti yake," akasema kwa unyenyekevu.

Mpima alifika saa nane. Utani ukaisha. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye karatasi upepo wa siku ile kutoka kwenye ripoti, akauingiza, na mvua, na mawingu. Wakaweka uzito wa watu wawili. Mjomba akanawa mikono, akaikausha, akakaa. Alipoweka mkono kwenye usukani bega lake bovu lilishuka kidogo, na nikaona ni rubani, hajawahi kuwa kitu kingine.

Akaruka. Mvua ikawa inakimbia kwenye vioo vitatu. Mpima alikuwa amekaa kiti cha pili, palepale alipokuwa amekaa siku ile, gongo likiwa katikati ya magoti. Wakapanda, wakazunguka, wakashuka kupita kwenye mawingu, uwanja ukatokea, na Mjomba akatua laini mpaka magurudumu hayakulia.

Hakuna aliyepiga makofi.

Akaruka mara ya pili. Akatua. Mara ya tatu alipunguza kasi kwa makusudi, lakini kipimo kilimwonya na mkono wake ukaongeza wenyewe. Akatua.

"Jaribu kuzima injini," Daktari akasema haraka. "Au mafuta yenye maji."

"Injini ilikuwa nzima, daktari. Imeandikwa."

"Na lile tundu?" Kinyozi akauliza.

"Ukurasa wa kumi na moja," Mjomba akasema. Akavua mikono kwenye usukani kama mtu anayevua pete. "Basi. Ndege imesema. Mzee, leta karatasi. Mama, nitafutie kalamu."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Mpima akaitoa karatasi kwenye bahasha, akailaza juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. Uso wake haukuwa na furaha niliyoitarajia. Alikuwa kama mtu aliyengoja gari miaka yote hiyo, na limefika halina kiti.

Mjomba akanyoosha mkono. "Kalamu, mama."

"Ruka mara moja tena," nikasema.

Waligeuka wote. Mwalimu akavua miwani. Nadhani Kinyozi alitaka kusema utani, akaumeza.

"Nini?"

"Mara moja tu. Naomba nishike hiyo."

Nikashika kipanya. Kusoma nasoma polepole, lakini ile orodha ya kuharibu vitu ilikuwa na picha ndogo ndogo, na picha ya kile kibati cha duara ningeitambua hata gizani. Nikaibonyeza. Pakatokea mstari wa kuchagua limezibwa kiasi gani. Nikauvuta mpaka karibu na mwisho, halafu nikaurudisha nyuma kidogo sana. Kiasi cha kona moja iliyoinuka.

"Nani kakufundisha hayo?" Daktari akanong'ona.

"Nawaona kila siku."

Mjomba alikuwa ananitazama. Akashika usukani, akaruka.

Kupanda kulikuwa kwa kawaida, au karibu na kawaida. Vipimo vilikuwa vinasita kidogo tu, na kwenye mvua ile nani angehesabu? Akazunguka. Akaanza kushuka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kile kipimo cha kimo nilikiona kinavyojivuta, kizito, kama mtu anayeamshwa. Kipimo cha mwendo kikapanda.

"Tuna kasi mno," Mjomba akasema, na akapunguza.

Mpima akashika mkono wa kiti. "Hapo," akasema. "Hapo hapo. Siku ile ulisema hivyo hivyo. Tuna kasi mno. Nilikusikia."

Mjomba hakumsikia. Hakuwa chumbani tena. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Mawingu yakafunguka na uwanja ukawa mbali, na mtaro ukawa karibu, naye akasukuma kishikio cha mafuta kwa nguvu zote mpaka meza ikasogea, na ndege ikadondoka kama sahani. Vioo vyote vitatu vikawa rangi ya udongo.

Kwa muda tulisikia mvua tu, ile ya kwenye kompyuta, ambayo haijui kama ndege imeanguka.

Mpima alikuwa analia bila sauti. Akaichukua karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni bila bahasha. "Hukudanganya," akamwambia Mjomba. "Maskini, hukudanganya."

"Lakini lilikuwa wazi," Mjomba akasema. Alikuwa anakiangalia kile kioo cha udongo. "Siwezi kuelewa. Wamelipiga picha. Liliwezaje kuziba angani na kuwa wazi chini?"

Halafu akageuka. Aligeuka taratibu sana na kiti kile cha gari kikalia. Hakuwatazama Daktari wala Mwalimu. Alinitazama mimi, kisha mkono wangu ambao ulikuwa bado juu ya kipanya, kisha ule mstari niliouvuta ukabaki palepale nilipouacha.

"Mama," akasema. "Kwa nini hukuuvuta mpaka mwisho?"

Nilikuwa na samahani mdomoni, kama siku zote. Niliitema.

"Kwa sababu utepe ulikuwa umeinuka kona moja," nikasema. "Niliubandika mimi, mweupe, nikausahau. Na siku ile siyo wewe niliyekukimbilia, Mjomba. Ulikuwa kwenye mtaro unaniita nikushike mkono, nilikusikia, na nikakupita, nikaenda kuubandua."